Karatasi Yenye Kichwa na Dhamana Yake

Barua itokayo katika ofisi ya serikali ya Tanzania hujitambulisha kabla msomaji hajafika kwenye neno lake la kwanza. Juu ya ukurasa, katikati, wamesimama wale wawili ambao umma umezoea kuwaita Bibi na Bwana, nyayo zao juu ya Mlima Kilimanjaro, mkarafuu na mpamba miguuni pao, ngao baina yao na pembe za ndovu kando yake, na utepe wenye maneno Uhuru na Umoja umetandazwa chini. Jina la Jamhuri ya Muungano limepigwa chapa kwa herufi kubwa, likifuatwa na jina la wizara, mkoa au halmashauri; upande mmoja zimepangwa namba za simu na anwani ya barua pepe, na upande wa pili Sanduku la Posta na mji. Haya yote yamekwisha kuwapo kabla karani hajaandika hata tarehe, na hapo karatasi ingali tupu, haijasema neno, lakini imekwisha kuwa na mamlaka ambayo mtu akiiokota njiani huanza kujiuliza ya nani na imefikaje hapo.

Ofisi haina kinywa wala uso. Watu hupita ndani yake, wakateuliwa, wakahamishwa, wakastaafu na wakafariki, ilhali yenyewe inabaki, na maadamu yatakiwa isadikiwe leo na miaka ishirini ijayo, haina budi kupewa uso wa karatasi usiobadilika kwa kubadilika kwa watumishi. Aandikaye katika karatasi ya kawaida husema kwa ulimi wake, na akikosea aibu ni yake. Aandikaye katika karatasi yenye kichwa ameazima ulimi wa wengi, waliomtangulia na watakaomfuata, na lolote atakalolisema humo, liwe ahadi ya fedha au onyo au msamaha, litadaiwa kwao. Karatasi hii, basi, ni amana, na habari zake nyingi, za kale na za sasa, ni habari za amana iliyotunzwa ama iliyofanyiwa hiana.

Kabla ya mitambo ya chapa kazi hii ilifanywa na muhuri. Imepokewa kwa riwaya ya Anas bin Malik, katika Sahihi ya Bukhari, ya kuwa Mtume Muhammad alipokusudia kuwaandikia Warumi aliambiwa kwamba watu hao hawaisomi barua isiyokuwa na muhuri. Akafanyiziwa pete ya fedha iliyochorwa Muhammad Rasulu Llah katika mistari mitatu, kila neno na mstari wake. Linalostahili kutazamwa zaidi ni yale yaliyoipata pete hiyo baada ya kufariki kwake, kwani ilipita mkononi mwa Abu Bakar, kisha Omar, kisha Othman, mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris huko Madina, ikatafutwa isionekane. Jina lililochorwa lilikuwa la mmoja, na waliolitumia kutia muhuri baada yake walikuwa wengine, wala hapana aliyeona kuwa wanajisingizia, kwa sababu kila mtu alielewa kuwa muhuri ule ulikuwa wa kazi, na kazi ilikuwa ingali ikiendelea.

Katika mwambao wetu waraka wa heshima nao ulikuwa na kichwa, ila kilikuwa kichwa cha maneno. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na ambazo zimehifadhiwa hata leo katika nyaraka za kale za Goa, India, zimo miongoni mwa maandishi makongwe kabisa ya Waswahili yaliyosalia. Na katika karne zilizofuata, pwani yote, adabu ya kuandika ilikuwa moja. Mwandishi alianza kwa mpelekewa. Alimwita kwa Ila janabi, akamvika sifa zake, sheikh, mpenzi, mkarimu, ndugu, kisha jina lake na jina la baba yake, akamtakia salama na rehema na baraka, na ndipo alipoingia katika shauri lake. Jina lake yeye mwenyewe halikuja ila mwishoni, kwa unyenyekevu, pengine likifuatana na neno la kushuhudia kuwa ameandika kwa mkono wake. Chapa imeupindua mpango huo. Siku hizi anayeandika ndiye anayekaa juu, na nembo yake na vyeo vyake na simu zake, na anayeandikiwa amesogezwa chini, upande wa kushoto, kwa herufi ndogo. Sisemi kuwa ni vibaya, kwa maana ofisi yenye barua nyingi za kupeleka kila siku haiwezi kumvisha kila mtu sifa zake, lakini mzee aliyelelewa katika adabu ile akipokea waraka wa halmashauri na kuuona ubaridi wake, nadhani ana haki ya kuuona.

Upande wa biashara kichwa cha barua kilikuzwa na sheria kuliko adabu. Uingereza, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, ilitunga sheria ya mwaka 1916 ya kuandikisha majina ya biashara, ambayo iliwataka wenye kufanya biashara kwa jina lisilokuwa lao wayachapishe majina yao ya kweli katika barua za biashara, na asiyekuwa Mwingereza aitaje na asili yake. Hofu ya wakati ule ilikuwa ya adui Mjerumani aliyejificha nyuma ya jina la duka lenye sauti ya Kiingereza. Hofu ikapita, kanuni ikabaki, na sheria za namna hiyo zikafika katika makoloni. Ndiyo sababu barua ya kampuni ya mawakili wa Nairobi au Dar es Salaam hushuka na orodha ya majina pembeni, wabia wote mmoja baada ya mwingine na shahada zao, hata ikawa barua ya mistari minne ya kudai kodi ya pango imeandamana na jeshi zima la wasomi. Kwa makampuni yenye dhima yenye kikomo, Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 hutaka jina la kampuni lionekane katika barua zake, na maana yake ni nyepesi kufahamika: anayekopesha ajue anamkopesha nani, na siku ya kushtaki ajue amshtaki nani.

Mtu mwenye subira akizikusanya karatasi za ofisi moja za miaka mingi, akazipanga kwa tarehe, atasoma vichwani mwake historia ya mawasiliano bila ya kufungua kitabu. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulitandikwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar, na tangu hapo mwenye biashara ya karafuu aliweza kupata bei za ng'ambo kabla merikebu haijang'oa nanga. Lakini simu ile ilitozwa kwa kila neno, na anwani yenye maneno sita iligharimu pesa za maneno sita. Hivyo kila ofisi ikajisajilia neno moja la kutumiwa mahali pa anwani, na neno hilo likachapwa katika kichwa cha barua. Wizara ya Elimu ya Tanzania ilijulikana kwa neno ELIMU, likifuatwa na Dar es Salaam, na hapo tarishi wa posta hakuhitaji zaidi. Baadaye ikaongezwa teleksi, kisha nukushi, kisha barua pepe, kisha tovuti, kila moja ikikaa chini ya mwenzake. Na kwa kuwa hakuna anayepewa kazi ya kufuta, ziko karatasi zilizoendelea kutaja anwani ya simu ya maandishi miaka mingi baada ya watu kuacha kuipeleka simu hiyo. Sasa vichwa vinabadilika tena kwa sababu ya serikali kuhamia Dodoma, na penye jina la mtaa wa katikati ya Dar es Salaam pameandikwa Mji wa Serikali, Mtumba, pamoja na postikodi ya tarakimu tano.

Kuhusu kipimo cha karatasi maneno ni machache. Ofisi za zamani ziliandika katika fulskepu, iliyo ndefu zaidi, na siku hizi ni A4, yenye milimita 210 kwa 297, ambayo asili yake ni kipimo kilichowekwa Ujerumani mwaka 1922 kwa hesabu ya kwamba karatasi ikikatwa katikati kila nusu ibaki na umbo lile lile la kwanza. Kichwa huwekwa katika ukurasa wa kwanza peke yake. Ukurasa wa pili huandikwa katika karatasi tupu ya aina ile ile, na anayechapa kichwa katika kila ukurasa anaonyesha kuwa ana wino mwingi.

Ila kiungo kilicho kikubwa kuliko vyote katika barua ya serikali ni kile ambacho macho ya raia hukiruka, nacho ni mstari mfupi unaoanza na Kumb. Na. Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza Januari 1967 kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na leo barua zetu zina umbo lake la Kiswahili lililokomaa: Unapojibu tafadhali taja, kisha Kumb. Na., kisha Yah., kisha mada kwa herufi kubwa iliyopigiwa mstari, na mwishoni jina la mwenye kusaini, ambalo aghalabu hutanguliwa na Kny., kwa niaba ya Katibu Mkuu au Mkurugenzi, hata kama Katibu Mkuu hajaiona barua yenyewe. Katika mstari ule wa kumbukumbu ndipo roho ya waraka ilipo. Herufi za mwanzo hutaja ofisi au fungu la shughuli, tarakimu zinazofuata hutaja jalada, na ya mwisho hutaja nafasi ya barua ndani ya jalada hilo.

Ingia masjala ya wilaya yoyote uone. Kuna kaunta iliyolainishwa na viwiko vya watu, nyuma yake rafu za majalada yaliyofungwa kwa uzi, mengine yamevimba hata yanahitaji juzuu ya pili, na mezani pana daftari la barua zinazoingia na daftari la zinazotoka. Barua ikisharudi kutoka kwa mkubwa na saini yake, mtunza kumbukumbu huipiga tarehe, huiandika daftarini, hutoa nakala moja ya jalada na kuichoma kwa tundu upande wa kushoto, huipa namba kwa kalamu katika pembe ya juu, namba inayofuata ile iliyotangulia bila ya kuruka. Ile halisi hutiwa bahasha, na aliyetumwa huondoka na kitabu cha dispachi ambacho mpokeaji atakitia saini. Kazi hii haina sifa, na wanaoifanya hawapandi vyeo upesi. Lakini kama baadaye utatokea ugomvi, hakimu hatauliza kama nembo ilipendeza. Atauliza nakala iko wapi, na katika jalada gani, na baina ya barua namba ngapi na namba ngapi.

Sio kila mwenye mamlaka ana karatasi iliyochapwa. Katika mitaa na vijiji vyetu barua iliyo na kazi nyingi kuliko zote ni barua ya utambulisho, ile anayoombwa mtu afunguapo akaunti ya benki, ama amdhaminipo ndugu yake polisi, ama aombapo kitambulisho cha taifa, na mara nyingi huandikwa kwa kalamu, au huchapwa katika steshenari iliyo jirani, ambapo kijana mwenye kompyuta na mashine ya kutolea nakala anacho kichwa cha barua cha serikali ya mtaa kimehifadhiwa tayari, hubadilisha jina na tarehe tu. Mwenyekiti wa mtaa akiileta karibu na macho, husaini na kuigonga muhuri wa mpira wenye wino wa buluu. Hapo itibari yote imo katika muhuri na katika kujuana, kwa kuwa mwenyekiti humjua mwenye kuandikiwa, na mpokeaji humjua mwenyekiti, au walau anaweza kumpigia. Wengine huudharau mpango huu na kuuona wa kimaskini. Mimi naona una hekima kuliko karatasi nene yenye nembo ya dhahabu ambayo nyuma yake hapana mtu wa kuulizwa.

Maana hadaa hupenda karatasi nzuri. Wale walaghai wa Nigeria walioenea miaka ya 1990, ambao hila yao imepata jina la 419 kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo, walikuwa wakiwapelekea watu wa ng'ambo barua zenye kichwa cha shirika la mafuta la taifa. Kisa kikubwa zaidi, nacho kimetoka katika nchi jirani yake ya Niger, kilikaribia kuwa sababu ya kumwaga damu. Zilipatikana barua zilizodaiwa kuandikwa na wakubwa wa Niger juu ya kuiuzia Iraq tani 500 za madini ya urani, na dola kubwa zikazishika kuwa ni dalili. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipopewa, hawakuhitaji muda mrefu. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na saini ya Allele Habibou, waziri wa mambo ya nje aliyeacha kazi hiyo tangu 1989, na kichwa chake kilitaja baraza la kijeshi ambalo lilikuwa halipo tena. Tarehe 7 Machi 2003 mkuu wa shirika hilo, Mohamed ElBaradei, aliliambia Baraza la Usalama kuwa hati hizo si za kweli. Vita vya Iraq vikaanza hata hivyo, siku 13 baadaye. Aliyeghushi alikuwa na mfano wa karatasi ya zamani, akauiga kwa uaminifu mno, asijue kuwa ofisi iliyochapwa juu yake ilikwisha kuvunjwa.

Katika nchi zetu sheria imeizungushia nembo ya taifa ukuta. Tanzania ina Sheria ya Nembo za Taifa, na Kenya, ambayo ngao yake hushikwa na simba wawili na kubeba jogoo na neno Harambee, ina yake. Zote mbili hukataza mtu kuitumia nembo kwa biashara bila ya idhini. Kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kudanganya ni kosa la kughushi, lililoelezwa katika kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Pamoja na ukuta huo, mlango wa nyuma hubaki wazi kwa uzembe. Aliyenunua karanga za kukaanga sokoni anajua kuwa huviringishwa katika karatasi za ofisi, na si mara moja nimeiviringua karatasi ya karanga nikaikuta nembo nzima na namba za simu, haijaandikwa neno, kwa sababu ofisi ilibadili anwani na mabunda ya karatasi za zamani yakauzwa kwa kilo. Karatasi iliyopitwa na wakati yapasa ikatwe vipande na kuandikiwa nyuma yake hapo hapo ofisini, au ichomwe.

Hiana ndogo ndogo, isiyofika mahakamani, ndiyo iliyoenea zaidi. Mtumishi ana ugomvi wa mpaka wa kiwanja na jirani yake, naye huandika malalamiko katika karatasi ya idara; mwingine humwandikia mkuu wa shule kuomba nafasi ya mtoto wa shemeji, na Bibi na Bwana wakiwa juu wakishuhudia. Hajasema uongo hata mmoja katika barua hiyo, na jina ni lake, na saini ni yake, lakini ni sawa na kuazima joho la kadhi kwenda kudai deni lako mwenyewe, kwa kuwa jirani na mkuu wa shule wataliogopa joho kabla ya kulisikiliza dai. Wapo pia waliostaafu ambao mwishoni mwa kazi waliondoka na bunda moja chini ya kwapa na wakaendelea kuandika kwa cheo kilichokwisha.

Mtu binafsi anayetaka karatasi yenye jina lake hana zuio, na desturi hiyo ni nzuri kwa wenye kuandika barua nyingi, kama madaktari, wahubiri, waandishi na wenye kufanya kazi za ushauri. Jina na anwani na simu vyatosha. Ngao za kujitungia, tai wenye mabawa na sifa za kujipa humfanya msomaji atafute kinachofichwa. Na ziko barua ambazo hazifai kuandikwa katika karatasi ya namna yoyote yenye kichwa, nayo ni rambirambi kwanza kabisa: aliyefiwa hataki kupewa pole na idara.

Zamani mabunda ya karatasi hizi yalifungiwa katika kabati la katibu muhtasi, ufunguo ukikaa naye, na karatasi zikitolewa kwa hesabu. Siku hizi kichwa cha barua ni faili ndani ya kompyuta, nembo ya taifa hupatikana mtandaoni kwa dakika moja, na mashine ya rangi iliyo katika steshenari ya kituo cha basi huweza kutoa barua ya wizara yoyote. Serikali nayo imehamishia majalada mengi katika mifumo ya ofisi mtandao, ambamo kila barua hupata namba na kila aliyeigusa hubaki na alama yake, na kwa njia hiyo kazi ya masjala imeendelea bila ya uzi wala tundu. Raia aliyepokea barua ya kumpa kazi, ama ya kumtaka alipe ada ili apewe kiwanja, asishughulike sana na uzuri wa nembo. Aiangalie Kumb. Na., akiikosa aingiwe na shaka. Akiiona, aende na nakala masjala ya ofisi iliyotajwa akaulizie jalada hilo, au apige simu kwa namba aliyoipata kwingine, kwa maana namba iliyochapwa katika barua ya kughushi hupokelewa na aliyeighushi, tena kwa sauti ya upole, na atakuthibitishia kila neno.